Mji wa Bath na Maji Yake ya Moto: Je, Chemchemi Huponya?

 

Kuna swali ambalo sisi wauguzi wa jamii huulizwa sana tunapozuru vijijini: "Sista, nasikia maji ya moto yanayobubujika kutoka ardhini yanatibu magoti, ngozi na hata kupooza. Ni kweli?" Wengine wameshaoga kule Maji Moto, Narok. Wengine wamesafiri hadi Bogoria na chupa mkononi. Badala ya kujibu ndiyo au la, leo nitakupeleka mbali kidogo, hadi Uingereza, katika mji uitwao Bath. Mji huo umeishi kwa maji ya moto kwa karibu miaka 2,000, na jina lake kwa Kiingereza ni lile lile la kuoga. Ukiisikiliza historia yake, jibu utalipata mwenyewe.

Maji hayo hutoka wapi?

Ni maji ya mvua iliyonyesha maelfu ya miaka iliyopita kwenye vilima vya Mendip. Yalizama polepole katika miamba ya chokaa hadi kina cha zaidi ya kilomita 2. Huko chini ardhi ina joto, nayo maji yakapata moto, kisha yakapanda tena kupitia nyufa za miamba. Njiani hubeba madini kama vile kalsiamu, salfeti, sodiamu na chuma. Yanapochomoza huwa na joto la nyuzi 45 hivi, na kila siku hutoka zaidi ya lita milioni moja. Kumbuka kuwa joto la mwili wako ni nyuzi 37, kwa hiyo hayo si maji ya mchezo.

Wenyeji wana hadithi ya Bladud, mwana wa mfalme aliyepatwa na ukoma akafukuzwa nyumbani. Akawa mchungaji wa nguruwe, nao wakaambukizwa ngozi mbaya. Nguruwe hao wakagaagaa katika matope ya moto wakapona. Bladud alipoona hivyo naye akajitosa, akapona, akarudi kwao na kutawala. Hiyo ni ngano, si historia. Ukoma huletwa na viini, na hutibiwa kwa mchanganyiko wa tembe unaotumiwa kwa miezi 6 hadi 12, na dawa hizo hutolewa bure. Hakuna matope yanayouondoa.

Warumi na mabamba ya risasi

Historia yenyewe inaanza na Warumi. Waliivamia Uingereza mwaka wa 43 baada ya Kristo, na miaka 20 au 30 hivi baadaye wakaanza kujenga hekalu na mabwawa ya kuogea penye chemchemi hiyo. Mji wakauita Aquae Sulis, yaani maji ya Sulis, mungu wa kike aliyeabudiwa na wenyeji. Watu walikuja kuoga, kusali, kuomba afya na kufanya biashara.

Wachimbaji wa mambo ya kale wamepata hapo vibamba vya madini ya risasi wapatao 130 vilivyoandikwa maombi na laana. Vingi vinamsihi mungu huyo awaadhibu wezi, wakiwemo walioiba nguo za watu waliokuwa wakioga! Kwa hiyo, ndugu yangu, wezi wa nguo hawakuanza jana. Hata sakafu ya bwawa kuu ilitandikwa mabamba ya risasi. Liweke neno hilo risasi akilini, maana tutalirudia.

Utawala wa Warumi ulipokwisha mwanzoni mwa karne ya 5, majengo yalibomoka na kufunikwa na matope. Chemchemi haikujali, iliendelea kutoka. Katika karne ya 12 lilijengwa Bwawa la Mfalme juu ya magofu yale, na karibu yake ikaanzishwa hospitali ya Mtakatifu Yohana ya kuwahudumia maskini na wagonjwa.

Mji wa starehe

Bath ulivuma hasa katika karne ya 18. Malkia Anne alizuru mwaka wa 1702 na 1703, na matajiri wakamfuata kama vifaranga wafuatavyo mama yao. Bwana mmoja aitwaye Richard Nash akawa msimamizi wa sherehe za mji. Alipiga marufuku watu kutembea na panga mjini, na akaagiza ngoma ikome saa tano usiku. Ralph Allen alitoa mawe ya rangi ya asali kutoka katika machimbo yake, na John Wood, pamoja na mwanawe wa jina hilo hilo, wakajenga mitaa ya kupendeza. Mtaa wa Royal Crescent, wenye nyumba 30 zilizopangwa kama mwezi mwandamo, ulijengwa kati ya mwaka wa 1767 na 1774. Kufikia 1801 mji uliokuwa na watu elfu chache ulikuwa na zaidi ya 30,000.

Mgeni alioga asubuhi na mapema, kisha akanywa maji ya moto kwa gilasi huku muziki ukipigwa. Baadaye alitembea, akazungumza, akacheza kamari na kuwatafutia binti zake wachumba. Mwandishi Jane Austen, aliyeishi hapo kuanzia 1801 hadi 1806, aliyaona maisha hayo kwa macho yake.

Wengi walirudi makwao wakisema wamepona. Lakini hebu fikiri. Mtu mwenye jongo, ugonjwa unaochochewa na pombe na nyama nyingi, ametoka nyumbani, ametembea kila siku, amekunywa maji badala ya mvinyo, amelala na kucheka na marafiki. Je, aliyemsaidia ni nani: madini, au mapumziko?

Wala si wote waliosifu. Tobias Smollett, aliyekuwa daktari na mwandishi, alichapisha insha mwaka wa 1752 akilalamikia hali ya mabwawa yale. Wenye vidonda na wasio navyo walioga katika maji yale yale. Kila muuguzi anaelewa hatari yake.

Hospitali ya maskini

Mpenzi msomaji, sehemu ninayoipenda zaidi ni hii. Mwaka wa 1738 liliwekwa jiwe la msingi la hospitali ya maji ya madini, na mwaka wa 1742 ikafunguliwa. Ilikuwa ya maskini waliotoka mbali. Wakazi wa Bath hawakulazwa humo, kwa kuwa wao tayari walikuwa karibu na mabwawa. Mgonjwa alitakiwa kuja na barua ya kueleza ugonjwa wake, pamoja na amana ya fedha. Amana hiyo ilikuwa ya kumrudisha kwao akipona au kumzika akifa. Ni maneno mazito, lakini yanaonyesha kuwa walipanga mambo yao.

Daktari William Oliver na wenzake walifanya jambo jingine la maana: waliandika. Kila mgonjwa aliorodheshwa, ugonjwa wake, muda aliokaa, na kama aliondoka amepona, ana nafuu, au yu vile vile. Kwa sababu ya rekodi hizo, sisi leo tunaweza kuuliza kama maji yale yalisaidia kweli.

Nazo zinaonyesha jambo la kushangaza. Wagonjwa wengi waliopata nafuu ni wale waliopooza mikono, huku wakiwa na maumivu makali ya tumbo na kufunga choo. Walikuwa mafundi wa mabomba, wapaka rangi, na watu wa Devon waliokunywa pombe ya matofaa. Mwaka wa 1767 daktari George Baker alieleza chanzo cha ugonjwa wa Devon: mitambo ya kukamulia matofaa ilikuwa na risasi ndani yake. Watu wale walikuwa wamekula sumu.

Sasa, maji yaliwasaidiaje? Mgonjwa alizamishwa hadi shingoni kwa muda mrefu, mara kadhaa kwa wiki, kwa miezi. Mwili unapozama hivyo, uzito wa maji husukuma damu kutoka miguuni kuelekea kifuani. Mwili hudhani una maji mengi kupita kiasi, na figo hutoa mkojo mwingi zaidi. Katika miaka ya 1980 madaktari wa Uingereza walilipima jambo hili, wakakuta kuwa risasi nayo hutoka kwa wingi zaidi katika mkojo. Zaidi ya hayo, kwa miezi yote hiyo mgonjwa alikuwa mbali na rangi, mabomba na pombe iliyokuwa ikimtia sumu. Basi palikuwa na nguvu ya kweli, lakini ilikuwa katika kuzama majini, katika muda, na katika kuepuka chanzo. Hapakuwa na muujiza katika madini.

Mkimbizi kutoka jirani

Mji huu una uhusiano na pande zetu pia. Italia ilipoiteka Ethiopia mwaka wa 1936, Mfalme Haile Selassie alikimbilia Uingereza akaishi Bath, katika nyumba iitwayo Fairfield House, hadi alipoondoka mwaka wa 1940 kwenda kuikomboa nchi yake. Mwaka wa 1958 aliitoa nyumba hiyo kwa mji ili itumiwe na wazee. Huo nao ni utunzaji wa afya.

Maji yalipoua

Kuanzia 1948 serikali ya Uingereza ililipia matibabu ya maji hapo Bath, lakini mwaka wa 1976 huduma hiyo ikakoma. Dawa na mazoezi ya kisasa yalikuwa yamechukua nafasi. Kisha mwaka wa 1978 ukaja msiba. Msichana mmoja aliogelea katika bwawa lililotumia maji ya chemchemi, akaugua homa ya uti wa mgongo, akafa. Chanzo kilikuwa amiba, kiumbe mdogo asiyeonekana kwa macho, anayependa maji ya vuguvugu yasiyo na chumvi ya bahari. Hapiti tumboni. Huingia puani, hupanda hadi kwenye ubongo, na ni nadra sana mtu kupona. Mabwawa yakafungwa.

Wenyeji hawakukata tamaa. Walichimba kisima kirefu ili kuyapata maji kabla hayajachafuka, na mwaka wa 2006 jumba jipya la kuogea likafunguliwa, maji yakiwa yametibiwa kwanza. Katika bwawa la Warumi haogi mtu. Watalii hulitazama tu, nao ni wengi ajabu. Mji wenyewe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 1987, na mwaka wa 2021 ukaingizwa tena pamoja na miji mingine 10 ya chemchemi barani Ulaya, kama Vichy ya Ufaransa na Spa ya Ubelgiji. Ile hospitali ya 1742 nayo haikufa. Iligeuka kuwa hospitali ya baridi yabisi na magonjwa ya viungo, na mwaka wa 2019 ikahamia katika uwanja wa hospitali kuu ya mji.

Tujifunze nini?

Basi turudi nyumbani, mpenzi msomaji. Yazingatie haya:

1. Maji ya vuguvugu hupunguza maumivu ya viungo na kulegeza misuli. Hayaondoi ugonjwa. Nafuu hiyo unaweza kuipata hata kwa beseni na kitambaa nyumbani.

2. Mama mja mzito, mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu, na mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi, wasiingie maji ya moto kabla ya kuuliza kwenye kituo cha afya. Mwenye vidonda naye asiingie bwawa la watu wengi.

3. Kule Bogoria maji mengine yanachemka kabisa. Washike watoto mkono. Na popote penye maji ya vuguvugu ya chemchemi, usizamishe kichwa wala usiyavute puani.

4. Usiyafanye kuwa maji ya kunywa. Chemchemi nyingi za Bonde la Ufa zina madini ya floraidi kwa wingi. Shirika la Afya Duniani linasema yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Yakizidi, meno ya watoto hugeuka ya kahawia, na baada ya miaka mingi mifupa hukakamaa. Kuyachemsha hakusaidii, maana floraidi hubaki chunguni.

5. Risasi bado ipo kati yetu. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanajua madhara ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuwa karibu na nyumba. Usivunje wala kuyeyusha betri kuukuu za gari nyumbani. Mtoto mwenye maumivu ya tumbo yasiyoisha, aliyepungukiwa damu na anayezorota shuleni, mpeleke hospitalini apimwe. Usimpeleke chemchemini.

6. Usiache dawa zako. Mwaka wa 2011 maelfu walipanga foleni Loliondo kwa ajili ya kikombe, na wengine wao waliacha dawa za kupunguza makali ya virusi. Kama unatumia dawa hizo, au za kifua kikuu, kisukari au shinikizo la damu, endelea kuzimeza. Ukitaka kwenda kuoga, nenda, lakini tembe zako ziwe mfukoni.

Ukiulizwa kama chemchemi huponya, sasa una la kujibu. Waambie kuwa Bath ilisaidia wengi pale watu walipopumzika, walipoepuka sumu, na palipokuwa na mtu wa kupima na kuandika. Na iliua pale maji yalipoaminiwa bila kupimwa.

 Ukiwa na swali, usilikalie. Mwendee mhudumu wa afya aliye karibu nawe.