Koili ya kuwasha

Koili ya kuwasha (kwa kifupi: koili) ni kifaa cha injini ya petroli kinachopandisha volti 12 za betri hadi volti maelfu mengi, ili plagi itoe cheche ya kuwasha mafuta. Toyota Noah iliyoanza kuundwa mwaka 2001, ambayo hubeba abiria mkoani Kilimanjaro, pamoja na mji wa Bomang'ombe wilayani Hai, ina koili nne, moja kwa kila silinda.

Misimbo ya hitilafu

Katika misimbo sanifu ya OBD-II, P0351 hadi P0354 huhusu saketi za koili nne za kwanza. Baadhi ya Toyota za zamani hutumia P1300, P1305, P1310 na P1315. Msimbo hutaja saketi yenye hitilafu. Si lazima koili yenyewe iwe mbovu.

Uchunguzi

Msimbo ukijirudia, injini huzimwa na koili inayoshukiwa huhamishiwa silinda nyingine. Kisha msimbo hufutwa na gari huendeshwa. Msimbo ukihama pamoja na koili, koili ni mbovu. Ukibaki palepale, hukaguliwa soketi, nyaya, na oili iliyovuja kwenye shimo la plagi. Plagi iliyochakaa huilazimisha koili kutoa volti kubwa zaidi, hivyo huweza kuunguza hata koili mpya. Petroli isiyowaka huingia kwenye ekzosi na kuharibu katalisti.