Blanketi la kuzuia moto: fundi anapochomelea chuma nyumbani kwako

Fundi akija kuchomelea geti, dirisha au mlango wa chuma, kazi yenyewe huweza kuisha kwa saa moja au mbili. Hatari haiishi hapo. Cheche moja ikiingia kwenye godoro, gunia au nyasi za paa inaweza kufukuta polepole, kisha ikawasha moto fundi akiwa ameshaondoka na watoto wamelala. Ukurasa huu unaeleza jinsi ya kuchagua na kutumia blanketi la kuzuia moto, na mambo ambayo mama au mlezi ana haki ya kuyadai kabla kazi haijaanza.

Cheche hufika wapi?

Cheche ni vipande vidogo vya chuma chenye moto mkali. Hutoka kwenye kuchomelea na pia kwenye mashine ya kukatia na kusagia chuma. Huruka, hudunda sakafuni na kupenya kwenye nyufa. Kanuni ya usalama ya NFPA 51B ya Marekani inataka vitu vinavyoweza kuwaka viondolewe hadi mita 11 kutoka mahali pa kazi, au vifunikwe kama haviondoleki.

Katika kijiji kama Kigwa, wilayani Uyui, mita 11 kutoka mlangoni zinaweza kufika jikoni, kwenye stoo ya mahindi na hata kwenye paa la jirani. Wakati wa kiangazi majani yote yamekauka. Kwa familia zinazolima tumbaku, kuna pia bani, kuni na magunia.

Kuna mablanketi ya aina mbili

*Blanketi la kuzimia moto.* Ni dogo, hukunjwa ndani ya mfuko na kutundikwa ukutani. Hutumika kufunika moto mdogo uliokwisha kuwaka, au mtu ambaye nguo zake zimeshika moto. Mara nyingi huwa na alama EN 1869.

*Blanketi la kuchomelea.* Ni kubwa na zito zaidi. Hutandazwa juu ya vitu kabla ya kazi ili cheche zisivifikie. Alama mojawapo ya ubora ni FM 4950.

Usitumie la kwanza kwa kazi ya pili. Blanketi jembamba la ukutani halikutengenezwa kupokea chuma cha moto kwa muda mrefu.

Unapochagua blanketi la kuchomelea

- Liwe limetengenezwa kwa nyuzi za kioo au kitambaa kingine kinachostahimili joto kali, na maelezo yake yaseme wazi kuwa ni la kazi ya kuchomelea.
- Liwe kubwa kiasi cha kufunika kitu chote na kubaki na ziada pembeni.
- Lisiwe na tundu, sehemu iliyoungua wala mafuta. Kitambaa chenye mafuta huwaka.
- Kataa blanketi kuukuu la asbestosi. Vumbi lake husababisha saratani.
- Usitumie blanketi la kulalia la poliesta au nailoni, wala turubai la plastiki. Vitu hivyo huyeyuka na kugandamana na ngozi.

Kama blanketi halipatikani

Njia bora kuliko zote ni kupeleka kazi mbali na nyumba. Mwombe fundi aunganishe geti kwenye uwanja wa udongo uliofyekwa, kisha alilete kufungwa. Kama ni lazima achomelee nyumbani, toa magodoro, nguo, magunia na kuni. Bati linaweza kukinga cheche, lakini bati hupata moto, kwa hiyo lisigusane na kitu kinachowaka. Usimwage maji pale fundi anaposimama wala kwenye nyaya zake. Anaweza kupigwa na umeme.

Mambo ya kukubaliana na fundi

*Kabla:* Ondoeni au funikeni kila kinachowaka. Wekeni ndoo za mchanga na maji karibu. Fundi asichomelee kamwe pipa au tangi lililowahi kuwa na petroli, dizeli au mafuta ya taa, hata kama linaonekana tupu. Linaweza kulipuka.

*Wakati wa kazi:* Mtu mzima mmoja aangalie cheche tu, bila kazi nyingine. Watoto wakae mbali, wasione mwanga na wasivute moshi.

*Baada ya kazi:* Mtu abaki akiangalia kwa saa nzima. Aguse kuta, anuse moshi, na atazame nyuma ya ukuta na chini ya paa. Kwa sababu hii, kazi ianze asubuhi, isianze jioni.

Nguo zikishika moto

Mzuie mtoto asikimbie. Mlaze chini, mviringishe, au mfunike kwa blanketi la kuzimia moto au la sufu. Moto wa nyumba ukikushinda, toa watu wote kwanza, kisha piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Mtoto akiungua

1. Mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usitumie barafu. Mwili uliobaki ufunikwe asipate baridi.
2. Vua nguo na shanga zilizo karibu, ila kilichogandamana na ngozi kiache.
3. Usipake dawa ya meno, mafuta, yai wala majivu.
4. Funika kwa kitambaa safi bila kukaza.

Mpeleke kituo cha afya mara moja kama ni mtoto mchanga, kama jeraha ni kubwa kuliko kiganja chake, au kama ameungua uso, mikono, viungo au sehemu za siri. Akihitaji matibabu makubwa zaidi, kituo kinaweza kumpa rufaa kwenda Hospitali ya Kitete, Tabora.

Macho yakiuma usiku

Mtoto aliyetazama mwanga wa kuchomelea anaweza kucheza vizuri mchana, kisha saa kadhaa baadaye akalia kwamba macho yana mchanga. Mwanga huo umeunguza sehemu ya mbele ya jicho. Mweke mahali penye giza, asiyasugue macho, na mfunike kwa kitambaa safi chenye maji ya baridi. Usitie maziwa ya mama wala majani. Mpeleke akaangaliwe, hasa kama haoni vizuri, kama maumivu hayajapungua baada ya siku moja, au kama kipande cha chuma kimeingia jichoni.