Neno "Merikani" na Vita vya Marekani vya 1861–1865

Kamusi za Kiswahili hueleza neno merikani kwa maneno machache: ni nguo ya pamba isiyopaushwa wala kutiwa rangi. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayatoshi. Nguo hiyo ilipewa jina la nchi ilikotoka, na habari zake zimefungamana na vita ambavyo watu wa nchi hiyo walipigana wenyewe kwa wenyewe kwa sababu ya utumwa.

Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa nchi hiyo alifika Unguja. Wafanya biashara wa Salem, katika Massachusetts, walileta nguo, wakachukua pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Merikani ikaenea barani hata ikawa kama fedha: wapagazi walipewa kuwa posho, watawala wa njiani wakalipwa kuwa hongo, na kwayo zilinunuliwa pembe, na watu pia. Nguo hiyo ilifumwa katika viwanda vya Kaskazini, ambako utumwa ulikuwa umekwisha kukomeshwa. Lakini pamba yenyewe ililimwa na watumwa wa Kusini. Basi kazi ya mtumwa wa Marekani iliweza kuwa thamani ya mtumwa mwingine aliyeuzwa katika bara la Afrika.

Hesabu ya watu ya mwaka 1860 ilionyesha kuwa Marekani ina watumwa wapatao milioni 4. Novemba mwaka huo alichaguliwa Abraham Lincoln, ambaye chama chake kilipinga utumwa usienezwe katika nchi mpya za magharibi. South Carolina ikajitenga tarehe 20 Desemba, na baadaye majimbo yaliyojitenga yakafika 11. Baada ya vita wako waliodai kwamba Kusini ilipigania haki za majimbo tu. Dai hilo lapingwa na maandishi ya Kusini yenyewe: matamko ya kujitenga ya South Carolina na Mississippi yataja utumwa waziwazi, na katiba ya dola yao mpya iliulinda. Kaskazini nayo haikuingia vitani ili kuwakomboa watumwa, bali kuulinda Muungano. Ni tangazo la Lincoln la tarehe 1 Januari 1863 lililofanya ukombozi kuwa shabaha ya vita. Watu weusi wapatao 180,000, wengi wao waliokuwa watumwa, wakaingia katika jeshi la Muungano. Jenerali Lee alisalimu amri tarehe 9 Aprili 1865, na Desemba mwaka huo utumwa ukapigwa marufuku kwa katiba. Askari zaidi ya 600,000 walikuwa wamekwisha kufa.

Tangu Aprili 1861 Lincoln alikuwa ameamuru bandari za Kusini zifungwe kwa manowari. Pamba ikaadimika duniani, bei ikapanda, na merikani ikapungua sana Unguja. Nguo za Uingereza na za India zikashika nafasi yake. Vita vilipokwisha Wamarekani walirudi na bidhaa zao, lakini baadaye viwanda vya Bombay viliwashinda. Ajabu ni kwamba jina halikuondoka pamoja na wenyewe: nguo iliyofumwa Bombay nayo iliitwa merikani.

Wala vita hivyo havikukomesha utumwa wa upande huu wa dunia. Soko la watumwa la Unguja halikufungwa ila mwaka 1873, katika enzi ya Sayyid Barghash. Kwa muda wa miaka minane, nguo iliyotokana na pamba ya watu huru wa Marekani iliweza bado kununua mtu barani kwetu. Kwa hiyo mtunga kamusi aandikapo merikani hana budi kuongeza japo sentensi moja juu ya asili yake; maana asiyeijua asili hiyo atadhani kuwa neno hili ni la dukani tu.