Kiambishi Kimoja Katika Hotuba ya Vita

Ndugu msomaji, bila shaka umekwisha kufundishwa kwamba takriri ni pambo la lugha. Mtihani hukutaka uitaje na uitolee mfano. Ukishapata alama zako mbili, unaendelea na swali linalofuata. Leo nakuomba uliweke kando neno hilo “pambo”. Tutaisoma pamoja sentensi moja iliyotamkwa nchini Tanzania mwaka 1978, ambayo kabla ya miezi minne kwisha ilikuwa imefika hapa kwetu Mbarara pamoja na mizinga.

Kwanza tuondoe jambo moja linalowachanganya wanafunzi wengi. Kiswahili kina takriri ya bure. Ukisema “kitabu kikubwa kimepotea”, sauti “ki” imejirudia mara tatu, lakini wewe hujatunga chochote. Ni upatanisho wa kisarufi uliokufanyia kazi. Anayesema Runyankore au Kinyarwanda nyumbani hashangazwi na hili, maana lugha yake hufanya vivyo hivyo. Mshairi wa Kiingereza hana budi kuzitafuta sauti zinazofanana. Mshairi wetu huzikuta mlangoni. Kwa hiyo usiniandikie katika insha kwamba mwandishi “ametumia takriri” kwa sababu tu umeona vitu vyote vya ngeli moja vikianza na “vi”. Takriri inayostahili kuzungumzwa ni ile ambayo sarufi haikuilazimisha, au ile ambayo msemaji ameichukua kutoka katika sarufi akaielekeza mahali alipopataka.

Chukua methali “Haraka haraka haina baraka”. Hakuna ngeli iliyolazimisha “baraka” ifuate baada ya “haraka”. Kuna mtu aliyeyachagua maneno hayo kwa sikio lake, na sikio letu likakubali kabla akili haijaulizwa. Lakini je, ni kweli daima? Dereva anayemkimbiza mama mjamzito kutoka Oruchinga hadi hospitali ya Mbarara ana haraka, na haraka yake ina baraka. Methali haikukudanganya; imekunyamazisha tu kwa utamu wake, ukasahau kuuliza.

Sasa twende kwenye sentensi yetu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuingia mkoa wa Kagera, na tarehe 1 Novemba ikatangazwa kwamba eneo lote la kaskazini ya mto Kagera ni mali ya Uganda. Siku iliyofuata Rais Julius Nyerere aliwahutubia Watanzania. Kumbuka kwamba huyu alikuwa mwalimu kwa taaluma, na tena mfasiri: tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar ilitoka mwaka 1963. Mtu aliyekesha na tamthilia hiyo, akaitafutia Kiswahili chake hotuba ile inayotolewa mbele ya maiti, ambamo kurudia neno moja kunaugeuza moyo wa umati mzima, hakuwa mgeni wa takriri.

Alisema: “Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo.” Wengine huyanukuu maneno hayo kwa mpangilio tofauti, jambo ambalo si ajabu kwa maneno yaliyopita midomoni mwa watu kwa zaidi ya miaka arobaini.

Isome kwa sauti, usiisome kwa macho. Katika mazungumzo ya kawaida tungesema “tuna uwezo wa kumpiga”. Msemaji ameugeuza mpangilio: kile kinachomilikiwa kimetangulia, na wenye kukimiliki wamewekwa mwisho. Kwa hiyo kila kipande kinafungwa na “tuna-”, kama mlango unaofungwa mara tatu. Tofauti ya “tunao” na “tunayo” imetoka katika ngeli, hakuibuni yeye. Lakini kuliweka neno hilo mwishoni, mahali ambapo sauti hutua na msikilizaji huvuta pumzi, huo ni uchaguzi wake. Katikati ya kila kipande kuna “kumpiga”, neno la midomo kufumba na kufumbuka, linalogonga kama nyundo. Nomino zenyewe pia zimepangwa. Uwezo ni mambo ya silaha, sababu ni mambo ya haki, nia ni mambo ya moyo. Msikilizaji anatolewa nje anaingizwa ndani, na anapofika kwenye nia amekwisha kuwa mmoja wa wale “tu”.

Hapo ndipo ninapokutaka usimame. Vita vizima vimo katika viambishi viwili: “tu” na “m”. “Tu” ni wingi, na hakuna aliyeulizwa kama anataka kuingia humo. “M” ni umoja: mtu mmoja tu, Amin, ambaye Nyerere alimwita nduli. Hakusema “kuwapiga”. Mara tatu alilirudia neno lile, na mara tatu sarufi ikamwambia Mtanzania kwamba adui si Waganda. Mimi naamini alifanya hivyo kwa makusudi, na ninaheshimu uamuzi huo. Tumesikia katika ukanda wetu huu hotuba ambazo kiambishi chake kilikuwa “wa”, na baadhi ya wasomaji wangu wanaishi Nakivale kwa sababu ya hotuba za namna hiyo.

Hata hivyo risasi haijui umoja wala wingi. Jeshi la Wananchi wa Tanzania, likifuatana na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni, liliingia Masaka na Mbarara mwishoni mwa Februari 1979, na miji yote miwili ikaharibiwa vibaya. Majengo yaliyobomolewa Mbarara hayakuwa ya Amin. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili. Na yule “m”? Alikimbia. Alifia kitandani hospitalini huko Jeddah, Saudi Arabia, mwezi Agosti 2003.

Sisemi kwamba vita vile havikuwa na haki. Watu wa Kagera walikuwa wameuawa na kuporwa, na Waganda wengi waliushangilia mwisho wa utawala ule. Nasema kwamba takriri ilifanya kazi ambayo hoja peke yake isingeweza: iliwafanya watu waione vita kubwa kama kipigo cha mtu mmoja.

Kuna jambo lingine la kustaajabisha. Mwaka 1973 Amin mwenyewe alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa la Uganda. Kwa hiyo pande zote mbili zilitukanana na kupigana kwa lugha ileile, na wazee wengi wa huku walikijua Kiswahili kama lugha ya kambi za jeshi na vizuizi vya barabarani. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikipa nafasi ya lugha rasmi ya pili, lakini bado nakutana na wazazi wanaokunja uso wanaposikia somo ninalofundisha. Siwalaumu. Katika darasa hilohilo hukaa mtoto kutoka Kongo ambaye kwake Kiswahili ni lugha aliyobembelezwa nayo na mama yake.

Siku moja niliiandika sentensi ile ubaoni, nikawaomba wanafunzi waisome kwa pamoja. Waliifurahia, kufikia mara ya pili walikuwa wanapiga madawati. Kisha nikafuta “m” katika kila “kumpiga”, nikaandika “wa”, nikasema wasome tena. Mdundo ulikuwa uleule. Walianza kwa nguvu ileile, lakini kwenye kipande cha pili sauti zikapungua, na cha tatu hakikusomwa na mtu.

Msichana aliyeketi dirishani akauliza, “Mwalimu, hao ‘wa’ ni akina nani?”

Jaribu zoezi hili mwenyewe kwa sauti ya kusikika, kisha uniandikie ni kwenye kipande gani ulinyamaza.