Senti Isiyokuwa Senti



Wiki hii tutafakari juu ya kitu kidogo kabisa: senti.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, hofu iliingia hata mifukoni. Mwishoni mwa mwaka huo benki zilisitisha kulipa dhahabu kwa wenye noti. Watu wakaficha dhahabu, kisha fedha, na katika mwaka 1862 hata senti zikaadimika. Aliyeumia zaidi ni mnyonge, kwani anayenunua mkate mmoja hawezi kuishi bila chenji. Wengine walilipana kwa stempu za posta, zikagandamana mifukoni.

Ndipo wenye maduka na mafundi wa kuchonga mihuri walipofua vipande vyao vya shaba, vyenye ukubwa wa senti. Wataalamu wanakadiria kuwa vilifikia milioni 25. Vingine vilibeba jina la duka. Vingine vilipambwa kwa bendera na maneno ya kuusifu Muungano na majeshi yake. Baadhi viliandikwa “senti moja” kwa herufi kubwa, na juu yake, kwa herufi ndogo, neno la kukanusha: si senti moja. Kwa msomaji wa haraka, amelipwa. Kwa msomaji makini, hakuna aliyemwahidi kitu.

Kipande chenye jina la duka kilikuwa na mwenyewe wa kurudishiwa. Chenye bendera tupu hakikuwa na mdhamini. Na hata jina halikutosha: yasimuliwa kwamba Gustavus Lindenmueller, mwenye baa mjini New York, aliyetoa vipande zaidi ya milioni moja, alikataa kuvikomboa alipoletewa na kampuni ya tramu, wala sheria haikumbana.

Mwezi Aprili 1864 Bunge liliidhinisha senti mpya na sarafu ya senti mbili; mwezi Juni likapiga marufuku sarafu za watu binafsi. Sarafu ile ya senti mbili ndiyo ya kwanza kubeba maneno “Twamtumaini Mungu”, baada ya mchungaji wa Pennsylvania, M. R. Watkinson, kumwandikia Waziri wa Fedha mwaka 1861.

Ndugu zangu, bendera hailipi deni, wala Jina la Mungu halikuchorwa ili litulipie letu. Anayelipa ni mtu aliyeahidi. Tujiulize: neno letu likirudishwa mlangoni petu, tutalikomboa?