Tope Halipokei Amri

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Wiki hii tuupime msemo huo kwa udongo wa pwani yetu.

Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga. Mwaka 1896 ilifika Muheza, na mwaka 1911 ikafika Moshi, baada ya kupita bonde la Mkomazi lenye vinamasi. Enzi hizo mhandisi aliyemwaga kifusi juu ya tope alitegemea uzoefu na subira tu. Kanuni ya kukadiria tope litachukua muda gani kutulia chini ya mzigo ilitolewa mwaka 1923 na Karl Terzaghi, mhandisi wa Austria aliyekuwa akifundisha Istanbul.

Alieleza jambo ambalo kila mama wa Tanga akamuaye tui analijua. Kifumbu kikibanwa kwa pupa, hupasuka na nazi kumwagika. Kikikazwa kidogo kidogo, tui hutoka na chicha hubaki kavu. Tope la mikokoni nalo limejaa maji. Ukilitwisha mzigo, maji ndiyo huubeba kwanza. Udongo wenyewe hauongezi nguvu mpaka maji hayo yatoke. Mzigo wote ukiwekwa siku moja, tope hukimbilia pembeni na tuta huporomoka. Ndiyo maana kifusi huwekwa tabaka moja, kikaachwa kitulie, ndipo likaja la pili.

Tena, unene wa tope ukiongezeka mara mbili, muda wa kusubiri huongezeka mara nne: palipohitaji mwaka mmoja patahitaji minne. Wahandisi hufupisha safari ya maji kwa kuchimba visima vyembamba na kuvijaza mchanga.

Leo Tanga inajengwa upya. Bandari yake, ambayo kwa miaka mingi ilipakua meli kubwa kwa matishari, ilijengewa gati la mita 450 kati ya 2019 na 2023. Mji ukikua, viwanja hupanda bei, na watu hushuka mabondeni. Kifusi humwagwa leo, msingi huchimbwa kesho. Ukuta ukipasuka, lawama humwangukia fundi na saruji yake.

Basi kabla ya kumshtaki fundi, tuulize kwanza: kifusi kile kiliachwa kikae muda gani?