Newala 1916: vita vilivyoamuliwa na maji (Sehemu ya 6)



Wiki iliyopita tulimaliza somo la kuharisha. Dada mmoja akaniuliza: "Nesi, kwani kuharisha kunaua kweli mpaka mtu mzima?" Leo namjibu kwa kisa cha hapa hapa mkoani kwetu Mtwara. Mlaze mtoto, kaa chini usome.

Hebu twende Newala. Kama umewahi kusimama pale Shimo la Mungu, unanielewa. Ardhi inakatika ghafla, bonde linafunguka chini yako, na kule mbali ndiko Ruvuma na Msumbiji. Juu uwandani kuna upepo mzuri na udongo wa kichanga, lakini maji ni shida. Mvua ikinyesha inazama yote. Maji yako chini bondeni, na ukiyataka, unashuka.

Sasa turudi kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Huku kwetu alitawala Mjerumani, ng'ambo ya Ruvuma Mreno. Machi 1916 Ujerumani ikatangaza vita dhidi ya Ureno. Aprili Wareno wakaichukua Kionga, kile kipande kidogo kusini ya mdomo wa Ruvuma ambacho Wajerumani walikuwa wamekitwaa mwaka 1894. Mei wakajaribu kuvuka mto karibu na bahari, huku meli zao za kivita zikiwasaidia. Wakapigwa, wakarudi.

Ureno haikukata tamaa. Ikaleta jeshi kubwa zaidi chini ya Jenerali Ferreira Gil, watu zaidi ya 4,000, likashukia Palma katikati ya mwaka ule ule. Humo mlikuwa na vikosi vya askari wa miguu kutoka rejimenti za 23, 24 na 28. Wengi walikuwa vijana ambao hawakuwahi kukanyaga Afrika. Pamoja nao walikuwepo askari weusi wa Msumbiji, na wapagazi wa kubeba kila kitu kichwani.

Mama, vijana wale walianza kuanguka kabla hata hawajamwona adui. Malaria na kuhara damu viliwakuta kambini. Piga picha: maelfu ya watu wamebanana, joto, mbu, maji ya mashaka. Ukiuliza nesi yeyote atakuambia nini kitafuata.

Tarehe 19 Septemba wakavuka Ruvuma. Safari hii hawakupingwa, kwa sababu Wajerumani walikuwa wameshaondoka ukingoni. Wakapanda uwandani, na tarehe 26 Oktoba wakaingia boma la Newala. Ukiwa juu pale unaona adui akija kutoka mbali. Wakajiona wamefika.

Lakini boma halina kisima.

Maji yao yalitoka kwenye kijito, chini. Na Novemba kwetu unaijua: jua kali, mvua bado haijashika. Tarehe 22 Novemba Wajerumani wakawashambulia. Aliyewaongoza alikuwa Max Looff, yule nahodha aliyepoteza meli yake, Königsberg, kule Rufiji mwaka 1915. Mapigano yakawa pale pale kijitoni. Wareno wakashindwa, wakabaki wamefungiwa bomani, maji yako chini mikononi mwa adui.

Walivumilia siku chache tu. Usiku wa tarehe 28 wakatoka, wakateremka hadi Ruvuma na kurudi ng'ambo, nyuma wameacha silaha na shehena. Boma walikuwa nalo, bunduki walikuwa nazo, ila ndoo ya maji hawakuwa nayo.

Na katika vita vyote vya Wareno upande huu, waliokufa kwa maradhi ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Dada yangu, jibu lako ndilo hilo. Ndiyo, kuharisha kunaua mtu mzima, tena askari.

Kuna jambo linaniuma kila nikisoma habari hii. Majina ya wakubwa yameandikwa, ya wapagazi hayapo. Wamakonde, Wamakua na Wayao wako pande zote mbili za Ruvuma, ni ndugu. Vita vya wageni vikawakuta ndugu hao, huyu anabeba mzigo wa huyu, yule wa yule.

Wanawake ndio hawatajwi kabisa. Lakini nani alikuwa anaijua njia ya kijitoni kuliko wao? Bibi yangu mzaa mama alikulia uwandani, miaka mingi baada ya vita. Alikuwa akiamka jogoo wa kwanza, anashuka na mtungi mtupu, anapanda na mtungi umejaa kichwani, na mama yangu mgongoni. Mpaka mradi wa maji wa Makonde ulipoanza miaka ya 1950, na hata baada ya hapo, wengi waliendelea kushuka. Yale yaliyolishinda jeshi kwa siku sita, bibi aliyafanya kila siku ya Mungu, na hakuna aliyempa nishani.

Basi tukirudi nyumbani kwako. Mwili wa mtoto ni kama lile boma. Akiharisha, maji yanatoka, na usipoyarudisha anazingirwa. Mtu mzima alianguka, sembuse mtoto wa kilo saba! Kwa hiyo:

Chemsha maji ya kunywa, yahifadhi kwenye chombo chenye mfuniko. Nawa kwa sabuni utokapo chooni na kabla ya kumlisha. Akianza kuharisha, pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji safi, mpe kidogokidogo, na zinki kwa siku 10 hadi 14 kama utakavyoelekezwa kituoni. Anayenyonya aendelee kunyonya. Ukiona macho yameingia ndani, analia bila machozi, amelegea, au kuna damu kwenye choo, usingoje kukuche. Twende zahanati.

Kazi ya leo: muulize bibi yako au mama yako, maji alikuwa anayachota wapi, na alitembea kwa muda gani. Niandikieni hapa chini, nitasoma yote nikitoka zamu.

Nesi wenu, Mtwara.